Speke na makombe ya Ziwa Tanganyika

Kuna jiwe limepita mikononi mwa watu wengi hapa Bwiza. Lililetwa pamoja na mchanga wa kujengea kutoka kando ya ziwa, na ndani yake wameganda konokono wadogo, wengine hawazidi punje ya mchele. Ndugu mmoja aliyerudi kutoka Kigoma aliapa kwamba zamani hapa palikuwa bahari. Mama mmoja anayevuka Gatumba kila wiki na bidhaa zake akacheka, akasema bahari iko Dar es Salaam. Mimi nilipoulizwa nilianza na habari za mtu ambaye wengi wanamjua kwa ajili ya mto Nile tu: John Hanning Speke.

Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827 na akawa askari wa jeshi la India. Mwaka 1857 aliondoka pwani pamoja na Richard Burton, wakifuata njia ya misafara hadi Ujiji, ambako walifika Februari 1858. Macho ya Speke yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa, hata ziwa lenyewe aliliona kama ukungu. Mwezi uliofuata, akivuka kwenda ng'ambo kutafuta jahazi, mdudu alimwingia sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajiumiza vibaya na kupoteza usikivu wa sikio hilo kwa muda mrefu. Aliyemsaidia kusema na watu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kufika India. Wawili hao walielewana kwa Kihindustani.

Mwezi Aprili Burton na Speke walipanda mitumbwi hadi Uvira. Swali lao wafanyabiashara wa Kavimvira wangelijibu usingizini: je, Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wana wa mtawala wa Uvira waliwaambia unaingia. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele zaidi, hivyo wageni hao hawakuuona mdomo wa mto. Walioushuhudia walikuwa Livingstone na Stanley, Novemba 1871.

Katika safari hiyo Speke aliokota makombe ya ziwa. Yalipofika London alikabidhiwa S. P. Woodward, mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Mwaka 1859 Woodward aliyaeleza na kuyapa majina. Konokono mmoja alimwita nassa, jina la konokono wa baharini, maana kombe lake ni nene na lina matuta kama la mtu wa chumvi. Hapo ndipo ubishi wetu wa Bwiza ulipoanza, miaka zaidi ya 160 iliyopita.

J. E. S. Moore, Mwingereza mwingine, aliusukuma mbali. Alikuja ziwani mara mbili kati ya 1895 na 1900, na mara ya pili alipanda bonde la Rusizi hadi Kivu. Aliyalinganisha makombe yetu na visukuku vya bahari vya Ulaya, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 150, akaona yanafanana mno. Katika kitabu chake cha 1903 alidai Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara.

Hoja hiyo haikusimama. Ziwa linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12 tu. Konokono wake wametokana na jamaa zao wa maji baridi ya Afrika. Makombe yakawa manene humu humu ziwani, na sababu mojawapo ni kaa wanaoyavunja ili wale. Kwa hiyo ukitaka kulipima jiwe lako, usitazame konokono peke yake. Chukua kioo cha kukuzia, tafuta matumbawe, au vipande vya kiti cha pweza. Hao hawaishi katika maji baridi. Jiwe letu nililitazama pande zote na sikuwaona. Konokono wake ni wale wale wanaoishi ziwani leo.

Kosa la kuona sura na kubuni asili halikuishia kwa Moore. Speke alirudi na Grant mwaka 1860, na Julai 1862 akaona Nile ikitoka Ziwa Victoria. Katika kitabu chake cha 1863 alidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni kutoka Uhabeshi, kwa kutazama nyuso na maumbo yao. Hakuwa na ushahidi wowote. Wakoloni waliichukua dhana hiyo wakaifanya elimu, na wengi wenu mlioishi makambini mnajua ilikotufikisha. Kwangu mimi makombe aliyookota yana thamani kuliko kurasa hizo.

Burton hakukubali habari ya Victoria, na hata alirudia kusema Rusizi huenda unatoka ziwani. Wawili hao walipangiwa kujadiliana hadharani huko Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni, akiwa na miaka 37. Kama ilikuwa ajali au la, watu wanabishana hadi leo.

Konokono mmoja wa ziwa letu anaitwa Spekia kwa heshima yake. Ni mdogo, wa mviringo, na hung'ang'ania mawe yanayopigwa na mawimbi.