Tom Campbell Black: Rubani wa Nairobi aliyeisogeza Melbourne karibu na London

JINA la mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo latosha kuonyesha jinsi ndege zilivyozoeleka huko. Kutoka uwanja wa ndege wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017, Nairobi iko umbali wa kilomita 200 hivi angani, safari isiyotimiza saa moja.

Mmoja wa waliotangulia kuifungua anga ya Kenya ni Tom Campbell Black, aliyezaliwa Brighton, Uingereza, Desemba 1899. Alirusha ndege katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akaja Kenya kufanya ukulima.

Mwaka 1929, Bi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi, na Campbell Black akawa rubani wake mkuu. Ni yeye aliyemfunza urubani Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro.

Mwaka 1931, Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani, alikwama katika nyika za Sudan bila chakula. Campbell Black alimtafuta kutoka angani hadi akampata na kumwokoa, ingawa miaka michache awali mataifa yao yalikuwa yakipigana.

Sifa zake zilienea duniani Oktoba 20, 1934, alipoondoka Mildenhall, Uingereza, pamoja na C.W.A. Scott katika mashindano ya kwenda Melbourne, Australia. Masafa yalikuwa kilomita 18,200 hivi. Washindani wote walilazimika kutua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville.

Ndege yao nyekundu, DH.88 Comet, ilikuwa na injini mbili. Walipokuwa wakivuka bahari ya Timor, injini moja iliharibika. Kurudi nyuma kungewanyima ushindi, na kusonga mbele kungeweza kuwaangamiza baharini. Walisonga mbele kwa injini moja hadi Darwin, wakaitengeneza, na kuwasili Melbourne wakiwa wa kwanza baada ya saa 71 hivi. Wakati huo abiria wa meli alihitaji mwezi mzima au zaidi kwa safari hiyo. Leo ndege ya abiria huikamilisha kwa muda wa siku moja hivi.

Septemba 1936, mwanafunzi wake Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada kwa muda wa saa 21 hivi. Mwalimu hakuishi sana baada ya fahari hiyo.

Septemba 19 mwaka huo huo, Campbell Black alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege yake ikiwa bado ardhini, iligongwa na ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua. Aliyenusurika juu ya bahari na majangwa alifariki dunia kutokana na ajali hiyo, akiwa na umri wa miaka 36.

Ndege aliyoshindia ingali imehifadhiwa Uingereza. Jijini Nairobi, uwanja wa Wilson unaendelea kulibeba jina la mwanzilishi wa shirika alilolitumikia.