Édouard Lucas: Aliyeitiisha nambari ya tarakimu 39 bila mashine

MIAKA mingi kabla ya tarakilishi kuundwa, mwalimu mmoja Mfaransa alikwisha kuikabili kazi ambayo hadi leo huzitoa jasho mashine hizo: kukokotoa nambari kubwa kupindukia pasipo kukosea hata tarakimu moja.

Édouard Lucas alizaliwa Amiens mnamo Aprili 4, 1842. Alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota jijini Paris, akapigana dhidi ya Prussia mnamo 1870 akiwa afisa wa mizinga, kisha akafundisha hisabati katika shule za upili za jiji hilo.

Kilichompa sifa ni nambari tasa, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mnamo 1876 alithibitisha kwamba mbili 127 zikizidishwa pamoja, kisha moja ikatolewa, jibu ni nambari tasa. Jibu hilo lina tarakimu 39. Kujaribu kuligawanya kwa kila nambari iliyo ndogo kuliko hilo kungemaliza umri wa mtu.

Lucas alivumbua njia ya mkato. Alichukua nambari ndogo, akaizidisha kwa nafsi yake, akatoa mbili, kisha akaligawanya jibu kwa nambari inayochunguzwa na kuhifadhi baki tu. Alirudia hivyo zaidi ya mara 120. Baki la mwisho likiwa sufuri, nambari ni tasa. Alieleza hata jinsi ya kufanya hesabu hiyo juu ya ubao wa miraba 127 kila upande, kete ikiwa moja na mraba mtupu ukiwa sufuri. Hiyo ndiyo lugha ya tarakilishi za leo.

Mnamo 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi. Kuhamisha visahani vyake 64 huhitaji hatua 18,446,744,073,709,551,615. Kwa sadfa, hiyo ndiyo nambari nzima kubwa kabisa inayotoshea katika nafasi moja ya biti 64 ndani ya tarakilishi. Zaidi ya hapo, sharti programu iikate nambari vipande, ikokotoe kimoja kimoja na kubeba ziada, mithili ya mwanafunzi daftarini. Isipofanya hivyo, tarakimu za juu zaweza kupotea kimyakimya na jibu la uongo likapita kama la kweli.

Lucas hakuishi kuyaona hayo. Katika karamu ya wanasayansi mjini Marseille mnamo 1891, sahani ilivunjika na kigae kikamkata shavuni. Jeraha liliingia uambukizo, akafariki Oktoba 3 akiwa na umri wa miaka 49.

Rekodi yake ilidumu hadi 1951. Januari 30, 1952, programu ya Raphael Robinson ilipata nambari tasa mbili kubwa zaidi katika tarakilishi ya SWAC jijini Los Angeles, ikitumia njia ya Lucas iliyoboreshwa na Derrick Lehmer mnamo 1930. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyothibitisha, Oktoba 2024, nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320.