Pearl Kendrick, mwanamke aliyepima kama chanjo ya kifaduro inakinga kweli

Ndani ya Penta, ile chanjo mtoto anapata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kuna kinga ya kifaduro, kikohozi chenye kumkaba mtoto pumzi mpaka anatapika. Leo tunaongelea mwanamke aliyehakikisha kwamba kinga hiyo inafanya kazi.

Pearl Kendrick alizaliwa Marekani mwaka wa 1890. Yeye mwenyewe aliugua kifaduro akiwa na miaka 3. Kwanza alikuwa mwalimu, kisha akaingia kazi ya labo, na mwaka wa 1926 akapewa kuongoza labo ya serikali mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan. Wakati ule kifaduro kilikuwa kinaua watoto karibu 6,000 kwa mwaka katika inchi ile.

Mwaka wa 1932 alianza kukifuata pamoja na mwenzake, Grace Eldering. Mchana labo, jioni nyumba kwa nyumba. Ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi: wababa hawana kazi, ndani ya nyumba taa ni ya petroli tu. Mtoto anakohoa juu ya kisahani, wao wanakipeleka labo kuona kama mikrobe ya kifaduro itaota.

Chanjo za kifaduro zilikuwa tayari ziko. Lakini mtoto akichanjwa na asiugue, ni chanjo ao ni bahati? Hakuna aliyekuwa na jibu la hakika. Tangu 1934, Kendrick alifuata vikundi viwili vya watoto wa mji ule ule, waliochanjwa na wasiochanjwa, na wauguzi walitembelea wote. Mzazi anaweza kuuliza kwa nini wengine waliachwa. Ni haki yake kuuliza, lakini bila wale, hesabu ingekuwa ya kubahatisha.

Mtaalamu mkubwa, Wade Hampton Frost, alikuja na mashaka yake. Aliangalia kazi, akashauri namna bora ya kuchagua vikundi. Feza zilipopunguka, Kendrick alimwalika mke wa rais, Eleanor Roosevelt. Alikuja kweli, na wafanyakazi wakaongezwa.

Mwaka wa 1939 hesabu zilitoka. Kwa watoto 100 wasiochanjwa, karibu 15 waliugua kila mwaka. Kwa waliochanjwa, 2 ao 3.

Baadaye waliunganisha chanjo hiyo na ya dondakoo na ya pepopunda katika sindano moja. Kendrick alikufa mwaka wa 1980.