Hermann Staudinger na minyororo yake mirefu

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake liko katika vitabu vya kemia, lakini wengi wetu tunalipita mbio mbio. Hermann Staudinger alizaliwa tarehe 23 Machi 1881 katika mji wa Worms, Ujerumani.

Alipokuwa angali kijana, huku kwetu wazee wetu walilazimishwa na watu wa Leopold II kuingia porini kutafuta utomvu wa mpira, na wengi walikufa kwa ajili yake. Na ile mipira yote iliyopelekwa Ulaya, hakuna aliyejua sawasawa imejengwa ginsi gani ndani yake! Staudinger ndiye aliyekuja kueleza.

Mwaka 1912 alikuwa profesa huko Zürich, Uswisi, tena mwenye sifa kwa kazi nyingine. Angeweza kutulia tu. Lakini mwaka 1920 aliandika kwamba mpira na vitu vya namna yake ni molekuli ndefu sana, vipande vidogo kwa maelfu vilivyofungwa kimoja kwa kingine kama mnyororo. Wakubwa wa kemia walikataa. Kwao zilikuwa molekuli ndogo zilizokusanyika tu, kama watu wanaosongamana sokoni bila kushikana mikono. Heinrich Wieland, aliyepewa zawadi ya Nobel ya 1927, alimshauri aachane na mawazo hayo, asafishe mpira wake vizuri, naye ataona ni molekuli ndogo.

Staudinger hakubishana kwa maneno matupu. Mwaka 1922 yeye na msaidizi wake waliungamanisha mpira na hidrojeni. Kama wakubwa walikuwa na haki, nguvu ile dhaifu ya kuukusanya ingekwisha, na mpira ungegeuka kitu chepesi cha kuchemka na kupanda kama mvuke. Haukugeuka. Ulibaki mzito, wa kunata, karibu kama zamani. Sisi tunaona jaribio hili linapita mahubiri mengi, lakini wenzake walichukua miaka kukubali.

Mwaka 1926 alihamia Freiburg. Huko alipima urefu wa minyororo kwa kutazama namna maji yake yanavyotiririka: mnyororo ukiwa mrefu, maji yanakwenda polepole zaidi. Mke wake Magda, mjuzi wa mimea, alifanya kazi pamoja naye. Taabu hazikukosa. Kwa sababu mwaka 1917 aliandika kupinga vita, mwaka 1934 wakubwa wa serikali ya Hitler walimlazimisha kuandika barua ya kuacha kazi, ingawa mwishowe haikutumiwa. Mwaka 1944 mabomu yaliharibu nyumba yake ya kazi. Zawadi ya Nobel ilimfikia mwaka 1953, akiwa na miaka 72. Alikufa huko Freiburg tarehe 8 Septemba 1965.

Lakini minyororo yake iliendelea. Mwaka 1956, huko Marekani, Michael Szwarc alionyesha namna ya kukuza mnyororo wa aina moja, kiisha kuuendeleza kwa aina nyingine. Basi mnyororo mmoja una pande mbili zisizopendana, kama maji na mafuta ya mawese. Zinataka kuachana, lakini zimefungwa. Kwa hiyo zinajipanga tabaka juu ya tabaka, aina moja kisha nyingine, kila tabaka na unene wake.

Mwaka 2004 wajuzi waliingiza minyororo ya namna hii katika vitobo vya alumini iliyooksidishwa, vitobo vyembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Mle ndani tabaka haiwezi kulala sawa, ukuta unaizunguka pande zote. Upande mmoja wa mnyororo unaupenda ukuta, unajishika pale. Mwingine unasukumwa kuelekea katikati. Tabaka zinajikunja, zinakuwa pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Kitobo kikipungua, pete zinapungua hesabu. Na kama upana wa kitobo haulingani na unene wa tabaka, pete zinajibana au kujinyoosha mpaka zienee.

Wieland angekuwa na haki, molekuli ndogo zisizofungana zingejitenga tu, mafuta huku, maji kule, wala pete hata moja isingeonekana mle kitoboni.