Jina la Mchongaji Lisizikwe

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo, vipo vyanda vyema vilivyofika kaburini vitupu. Mwalimu wa Lodwar au Kakuma atakayewasimulia wanafunzi wake maisha ya Edmonia Lewis, mchongaji sanamu wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, atatambua kwamba kisa hicho cha mbali kinawahusu watoto walio mbele yake.

Edmonia alizaliwa mwaka wa 1844 karibu na mji wa Albany, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mtu mweusi; mama yake alikuwa na asili ya Waojibwe, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa kwanza wa bara hilo. Wazazi hao walifariki angali mtoto, akalelewa na dada za mama yake karibu na maporomoko ya Niagara. Huko waliishi kwa kuwauzia watalii vikapu na viatu vya ngozi. Kaka yake, aliyekwenda magharibi kutafuta dhahabu, ndiye aliyemlipia karo hata akajiunga na chuo cha Oberlin mwaka wa 1859.

Chuoni alipatwa na makubwa. Mwaka wa 1862 alishtakiwa kwamba aliwatilia sumu katika mvinyo wasichana wawili wazungu. Kabla kesi haijaamuliwa, kundi la watu lilimteka, likampiga na kumtupa uwanjani wakati wa baridi kali. Wakili mweusi, John Mercer Langston, alimtetea, na mahakama ikamwachilia huru. Mwaka uliofuata alisingiziwa wizi wa vifaa vya uchoraji. Shtaka hilo nalo halikuthibitika, lakini hakuruhusiwa kumaliza masomo.

Alihamia Boston, akajifunza kufinyanga na kuchonga. Alitengeneza sanamu ya Kanali Robert Gould Shaw, aliyeuawa mwaka wa 1863 akiwaongoza askari weusi vitani, na kwa kuuza nakala zake za plasta akapata nauli ya kwenda Italia. Mjini Roma wachongaji wengi waliwaajiri mafundi wa kuwakatia mawe. Edmonia aliyakata mwenyewe, asije mtu akasema kwamba kazi si yake. Mwaka wa 1867 alikamilisha sanamu ya watu wawili weusi waliotoka utumwani, mnyororo umekatika. Mwaka wa 1875 alimchonga Hajiri, mjakazi wa Kimisri aliyefukuzwa jangwani.

Kazi yake kuu ilikuwa Kifo cha Kleopatra, marumaru yenye uzito uliozidi tani moja, iliyoonyeshwa Philadelphia mwaka wa 1876, Marekani ilipoadhimisha miaka mia moja ya uhuru. Watazamaji walistaajabu, lakini mnunuzi hakupatikana. Sanamu ikabaki Chicago, ikaingia katika baa, kisha mwenye uwanja wa mbio za farasi akaiweka juu ya kaburi la farasi wake aliyeitwa Kleopatra! Baadaye ilitupwa katika ua wa kuhifadhia mitambo, hata ikaokolewa na kuingia katika jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka wa 1994. Mwenyewe alikuwa amekufa London mwaka wa 1907. Kaburi lake liliwekewa jiwe jipya lenye jina lake mwaka wa 2017.

Sasa na tutazame kwetu. Ekicholong, kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kulazia kichwa usiku, huuzwa kwa wageni pasipo mtu kuuliza nani alikichonga. Vikapu vya mikoma ni vivyo hivyo. Nayo kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, imewapokea watoto walioacha nyuma kila kitu isipokuwa ujuzi wa mikono yao.

Mwalimu na aanzie darasani. Kila kazi ya mwanafunzi iandikwe jina lake. Kila mzee anayealikwa kufundisha kuchonga aandikwe katika daftari la shule, pamoja na kijiji chake na mwaka. Edmonia alichonga jiwe gumu, na bado jina lake lilikaribia kupotea kwa kukosa wa kulitunza. Sisi tunachonga mti, na mchwa hawana subira.