Richard III: Mfalme aliyechafuliwa jina kwa sababu ya mgongo

Shuleni kwenu lazima kuna mtu aliyebandikwa jina kwa sababu ya mwili wake. Labda ni wewe. Basi nikupe stori ya jamaa aliyebandikwa jina akiwa kaburini, likamganda zaidi ya miaka 400.

Richard III alizaliwa Uingereza mwaka 1452. Utotoni mgongo wake ulikuwa sawa. Alipopita miaka 10, mwili ukianza kurefuka kwa kasi, uti wa mgongo ukaanza kupinda upande na kujisokota. Hiyo inaitwa skoliosisi. Kwa matineja wengi, hata leo, chanzo hakijulikani. Si laana, wala si begi zito la vitabu.

Unadhani alijifungia nyumbani? Wapi! Akiwa na miaka 18 tayari alikuwa anaongoza wanajeshi vitani. Mwaka 1483 akawa mfalme. Sisemi alikuwa malaika: kiti alikitwaa kwa mtoto wa marehemu kaka yake, mwenye miaka 12. Mvulana huyo na mdogo wake wakapotea, na mpaka leo Richard ananyooshewa kidole. Miaka miwili baadaye akauawa vitani Bosworth, akiwa na miaka 32.

Walioshinda ndio husimulia. Shakespeare akampa kibiongo, mkono uliokauka na mguu wa kuchechemea. Watu wakameza kwamba mwili uliopinda ni roho iliyopinda.

Halafu 2012, wataalamu wakachimba mahali pa kuegesha magari mjini Leicester. Mifupa ikatoka, DNA ikathibitisha ni yeye. Mgongo ulikuwa umepinda zaidi ya nyuzi 60. Leo, madaktari huanza kufikiria upasuaji mpindo ukifika kama nyuzi 50. Lakini kibiongo hakuna. Mifupa ya mikono na miguu iko sawa. Bega la kulia tu ndilo lilipanda kidogo, kitu ambacho fundi mzuri wa nguo angekificha.

Sasa wewe. Inama mbele, mtu akuangalie mgongo. Upande mmoja ukiinuka, nenda hospitali upigwe picha mapema, kabla hujamaliza kukua. Mara nyingi neva huwa salama. Ila miguu ikilegea, ukifa ganzi, au mkojo ukikutoka bila kujua, usingoje kesho.

Richard hakuwahi kupata nafasi hiyo. Wewe unayo, usiiache kwa sababu ya aibu.