Colin Chapman: Fundi aliyeuza gari likiwa vipande

MALAKISI si mahali pa magari ya michezo. Hapa, kati ya mji wa Bungoma na mpaka wa Lwakhakha, barabara ni ya bodaboda, Probox na malori, na mvua ya Mlima Elgon ikishuka hata Probox huomba radhi. Lakini simu zimefika kila mahali. Hutakosa kijana wa gereji anayetazama video za vile vigari vidogo vilivyo wazi, magurudumu nje, chini kama mkeka, halafu anajiuliza kama si mabomba tu yaliyochomelewa na injini ikawekwa mbele. Sasa mbona asitengeneze chake?

Hilo swali alilijibu kitambo Mwingereza mmoja, Anthony Colin Bruce Chapman, mwanzilishi wa Lotus. Kigari chake cha Lotus Seven, kilichotoka 1957, ndicho babu ya vigari vingi vya aina hiyo unavyoviona leo. Maisha yake yanamfaa kila kijana mwenye spana mkononi. Kuna ya kuiga humo, na kuna ya kuogopa.

Mtoto wa mwenye baa

Chapman alizaliwa Mei 19, 1928, Richmond, karibu na London. Baba yake aliendesha hoteli yenye baa mtaani Hornsey, kaskazini mwa jiji. Kijana akaingia University College London kusomea uhandisi wa majengo na madaraja. Huko huko alijiunga na kikosi cha anga cha wanafunzi, akajifunza kurusha ndege. Somo moja la ndege lilimkaa kichwani maisha yake yote: kila kilo isiyo na kazi ni mzigo wa bure.

Masomoni alikuwa na hasla, kama tunavyosema siku hizi. Yeye na rafiki yake walinunua na kuuza magari yaliyotumika. Doo iliingia vizuri hadi 1947, serikali ilipobadilisha mgao wa petroli na soko likaanguka ghafla. Chapman aliuza kwa hasara, akabaki na gari moja bovu ambalo hakuna aliyelitaka, Austin Seven ya zamani.

Wengine wangelipeleka kwa wauza vyuma chakavu. Yeye alilisukuma hadi gereji ya nyumbani kwa wazazi wa mpenzi wake, Hazel Williams, akalivua nguo zote. Akaimarisha fremu, akatengeneza bodi mpya ya mbao za plai na bati la alumini. Mwaka wa 1948 gari likawa tayari, akaliita Lotus. Alilipeleka kwenye mashindano ya kupanda vilima vya matope, mchezo ambao dereva wa matatu wa kwetu angeuita kazi ya kila siku.

Hapo hapo chuoni mambo hayakwenda sawa. Alianguka hesabu, akarudia mtihani ndipo akapata digrii. Akaajiriwa na kampuni ya alumini, lakini jioni na wikendi zilikuwa za gereji.

Ujanja wake ulianza kuonekana 1951 katika mbio za magari yaliyoundwa kutokana na Austin Seven. Injini ile ilikuwa na silinda nne lakini matundu mawili tu ya kuvutia hewa, kwa hivyo kila silinda mbili ziligombania tundu moja. Chapman aligawanya matundu yale kwa ndani ili kila silinda ipate njia yake. Aliwaacha wenzake mbali mno hadi sheria za mashindano zikabadilishwa kuzuia mbinu hiyo. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Alikuwa amesoma kile ambacho sheria haikusema.

Gari kwenye masanduku

Kampuni ya Lotus Engineering ilianza Januari 1952, kwenye banda la zamani la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Sehemu ya mtaji ilitoka kwa Hazel, ambaye alifunga ndoa naye 1954. Ukisikia watu wakimsifu Chapman peke yake, kumbuka kwamba bila yule dada pengine hakungekuwa na Lotus.

Uingereza ya wakati huo ilitoza kodi kubwa ukinunua gari jipya lililo tayari. Vipande vya gari havikutozwa kodi hiyo. Chapman akaona mwanya: kwa nini asimuuzie mteja gari likiwa kwenye masanduku, halafu mteja aliunganishe mwenyewe nyumbani? Inasimuliwa kwamba sheria haikuruhusu vipande kuuzwa pamoja na maelezo ya kuunganisha gari. Basi wateja wakapewa maelezo ya kulifungua, na kazi yao ikawa kuyasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo!

Seven ilikuwa fremu ya mabomba membamba ya chuma, bati la alumini juu yake, viti viwili, na kwa yale ya mwanzo injini ya kawaida ya Ford ya sisi 1,172. Hakukuwa na redio wala anasa yoyote. Uzito wake haukufika nusu ya Probox, kwa hivyo hata injini ndogo ililisukuma kama kitu kikubwa. Lotus iliunda takriban 2,500 kati ya 1957 na miaka ya mwanzo ya 1970.

Raha ya gari hili haiko kwenye kasi peke yake. Umekaa karibu na lami kiasi kwamba mwendo wa kilomita 80 kwa saa unahisi kama mara mbili yake. Kila kokoto unaisikia mgongoni. Wikendi moja unaendesha, inayofuata unakaza nati, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Mwenye gari hili ni dereva na fundi kwa wakati mmoja. Karani au mwalimu aliyejiunganishia Seven yake aliweza kuliendesha kazini Jumatatu na kulipeleka mashindanoni Jumapili. Kabla ya hapo, mbio za magari zilikuwa mchezo wa wenye nazo.

Kofia angani

Pesa na sifa za vigari hivyo zilimfikisha kwenye mbio kubwa. Mwaka wa 1960 Stirling Moss alishinda Monaco akiwa ndani ya Lotus, ushindi wa kwanza wa Formula 1 kwa gari la Chapman. Mwaka wa 1962 alileta Lotus 25, lililoacha fremu ya mabomba na kutumia gamba moja jepesi, kama yai linavyojishikilia bila mifupa. Jim Clark, mkulima wa kondoo kutoka Scotland, alitwaa nalo ubingwa wa dunia wa 1963, na 1965 akarudia kwa gari lililolifuata.

Hata mabarabara yetu yaliguswa kwa mbali. Chapman alishirikiana na Ford kutengeneza Cortina yenye injini ya Lotus, na ndugu yake, Cortina GT, ndilo lililoshinda Safari Rally ya 1964 likiendeshwa na Peter Hughes.

Kufikia 1978 Lotus ilikuwa imetwaa ubingwa wa waundaji mara saba. Kila gari lake liliposhinda, Chapman alirusha kofia yake nyeusi hewani.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Malakisi, waliolima tumbaku miaka mingi, wangelielewa haraka. Mwaka wa 1968 Chapman alipaka magari yake ya Formula 1 rangi za pakiti ya sigara, Gold Leaf, na baadaye nyeusi na dhahabu ya John Player Special. Magari ya timu za Ulaya yalikuwa yamezoea kuvaa rangi za taifa. Baada yake, jezi ya gari ikawa ubao wa matangazo. Ukiona leo nembo zimejaa kwenye magari ya mbio, ujue mlango huo yeye ndiye aliyeufungua kwa upana.

Wepesi uliozidi

Sasa tufike mahali ambapo hadithi hii inauma.

Tabia ya kupunguza uzito haikuwa na breki. Juni 1960, kwenye uwanja wa Spa, Ubelgiji, gurudumu la Lotus ya Moss lilichomoka gari likiwa kasi, akavunjika miguu yote miwili. Siku hiyo hiyo Lotus ya Mike Taylor iliacha njia na kuingia msituni kwa sababu usukani ulikatika pale palipochomelewa. Taylor aliishtaki kampuni na akashinda. Fundi unayesoma hapa, rudia sentensi hiyo ya kuchomelea.

Aprili 7, 1968, Jim Clark alifariki kwenye mbio za Hockenheim, Ujerumani, akiwa ndani ya Lotus. Chapman alipoteza dereva wake bora na rafiki wa karibu. Mwaka uliofuata Jochen Rindt, baada ya bawa la gari lake kuvunjika na kumwangusha Uhispania, alimwandikia Chapman barua akilalamika kwamba magari yale yalikuwa dhaifu mno, na kwamba kilo chache zaidi zingetosha kuimarisha sehemu muhimu. Septemba 5, 1970, Rindt alikufa akifanya mazoezi Monza, Italia. Inaaminika shafti ya breki ya mbele ilikatika. Alama alizokuwa amekusanya zilimfanya bingwa wa dunia akiwa tayari kaburini. Hakuna mwingine aliyewahi kutwaa taji hilo akiwa marehemu.

Si haki kusema Chapman peke yake aliwaua madereva. Mbio za miaka hiyo zilikuwa hatari kwa kila timu. Lakini sifa ya Lotus kuvunjika haikuwa uzushi wa wapinzani, na madereva wake wenyewe waliijua.

Mwisho wenye kivuli

Tabia ile ile ya kutafuta mwanya ilimfuata kwenye hesabu za pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lotus ilipewa kazi ya kusanifu gari la DeLorean, mradi uliobebwa na mamilioni ya serikali ya Uingereza. Mamilioni ya dola yalipitia kampuni iliyosajiliwa Panama na hayakufika yalikokusudiwa. Kabla uchunguzi haujakamilika, Desemba 16, 1982, Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka wa 1992 mkuu wake wa fedha alifungwa miaka mitatu. Jaji alieleza kwamba Chapman, kama angekuwa hai, angefungwa si chini ya miaka kumi.

Seven yenyewe ilikuwa imehamia kwingine. Mwaka wa 1973 haki za kuliunda zilienda kwa Caterham, na hadi leo kampuni hiyo inaliuza, ukitaka likiwa zima, ukitaka likiwa vipande.

Kwa kijana wa huku

Kulileta lile la zamani Kenya si rahisi, kwani magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingia kwa njia ya kawaida. Na ukijiundia lako, huwezi kuliingiza barabarani kabla NTSA haijalikagua na kulisajili. Ukaguzi huo unaweza kukukera, lakini yaliyompata Taylor Spa yanaonyesha kwa nini upo.

Njia ya Chapman bado iko wazi kwa mwenye subira. Yeye hakuanza na gari jipya, alianza na bovu lililokataliwa sokoni. Alikuwa na gereji ya kuazima, mtu mmoja aliyemwamini, na elimu ya darasani aliyoirudia alipofeli. Kijana wa Malakisi anaweza kujifunza kuchomelea na umekanika Sang'alo au Kitale National Polytechnic, kisha akaanza na fremu moja uwanjani, mbali na barabara.

Chapman alijua kuliko karibu kila mtu wa wakati wake kitu gani kinaweza kuondolewa kwenye gari likaenda kasi zaidi. Ukiondoa redio, hakuna anayeumia. Ukipunguza unene wa shafti ya breki, ni lazima kwanza ukubali kukaa wewe mwenyewe kwenye kile kiti.